Zizi la Baiskeli

Makena, wewe uliyekalia kiti changu, uliniuliza kwa simu ni nini hufanya mashindano ya triathloni yawafurahishe watu wa kawaida, wale wasiokimbilia zawadi. Nikakuambia nitakuandikia. Najua ulitaka mambo machache ya kubandika ukutani, maana hata mimi nilipokuwa ofisini nilipenda sana vitu vya kubandika ukutani. Nimekaa na karatasi hii muda mrefu, na ukweli ni kwamba sijui. Nimesimamia mashindano hayo hapa Isiolo mpaka nikastaafu, na kila mara nilitoka uwanjani nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Kwa hiyo nitakueleza nilichokiona, nawe uchukue kitakachokufaa. Wenzako wakitaka kusoma, wasome, ila wasinipigie simu kubishana.

Kabla ya kaunti kuanza nilikuwa mwalimu wa michezo kule Meru. Kaunti zilipoanza nikaja Isiolo kuwa afisa wa michezo. Cheo na mshahara tuviache, anayevitaka ataviona kwenye tangazo la kazi. Siku ya kwanza nilipewa meza isiyo na kiti, stoo iliyojaa mipira isiyo na upepo, na ufunguo wa stoo nyingine ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniambia iko wapi. Ufunguo huo bado uko kwenye droo yako. Nilizoea voliboli, mpira wa miguu na mbio za nyika, na hiyo ni michezo niliyoielewa. Mmoja anashinda, wengine wanashindwa, wote wanapewa mkate na soda, wanaenda nyumbani.

Kisha mkurugenzi wetu akarudi kutoka semina akiwa na neno triathloni. Aliniita ofisini kwake akiwa bado na kadi ya semina shingoni.

"Madam Karimi, tutaleta wageni hapa kwetu. Mtu anaogelea, anapanda baiskeli, halafu anakimbia."

"Watu watatu?" nikamuuliza.

"Mtu mmoja."

"Siku tatu?"

"Asubuhi moja."

"Na anafukuzwa na nani?"

"Hafukuzwi na mtu, madam. Analipa ili aje."

Nilirudi mezani kwangu nikakaa. Nilikuwa nimefundisha watoto kukimbia miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuwazuia wasijifiche chooni siku ya mbio. Sasa niliambiwa kuna watu wazima, wenye kazi na watoto, watakaotoka Nairobi na Nanyuki kwa hiari yao waje wateseke kwenye jua la Isiolo, tena mara tatu mfululizo. Nilidhani mkurugenzi amepatwa na homa. Baadaye nikajua hakuwa na homa, alikuwa na bajeti.

Swali la kwanza lilikuwa maji ya kuogelea. Mto Isiolo wakati mwingi unauvuka bila kukunja suruali. Ewaso Nyiro una maji, lakini una mamba pia, na mamba hafuati ratiba ya mtu. Mwishowe tukapata hoteli moja ukingoni mwa mji, kwenye barabara ya kwenda Burat. Ilikuwa na bwawa la kuogelea ambalo watu walilitumia zaidi kupigia picha za harusi, na kando yake palikuwa na uwanja mkubwa wa majani makavu. Tukapanga kila kitu kianzie hapo na kuishia hapo. Watu wangeogelea bwawani, wachukue baiskeli zao uwanjani, waende Burat na kurudi, waache baiskeli, kisha wakimbie mizunguko mitatu kupitia mashamba ya jirani.

Aliyenifundisha kazi hii ni Sajini Ekiru, Mturkana aliyestaafu jeshini, ambako alikuwa akiwafundisha makuruti kuogelea. Alikuwa amewahi kuyaona mashindano kama haya nje ya nchi. Alikuja kwenye uwanja ule na mfuko wa chokaa, kamba, pini na kalamu nene ya wino, akavipanga chini.

"Madam, hii mashindano haiharibikangi kwa mbio," akaniambia. "Inaharibika hapa. Hapa mtu anabadilisha viatu."

Alikuwa na maana ya ile sehemu ya katikati, mahali baiskeli zinapowekwa. Mtu anatoka majini, macho yamejaa dawa ya bwawa, pumzi imekwisha, hakumbuki jina lake, na anatakiwa apate baiskeli yake kati ya baiskeli nyingi. Basi lazima kuwe na mlango mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutokea, na wanaoingia wasigongane na wanaotoka. Namba iandikwe mkononi kwa wino, maana karatasi hulowa. Pini ziwe nyingi kuliko unavyofikiri, kwa sababu pini hupotea na hakuna ajuaye zinakwenda wapi. Vyoo viwe vingi, na hapo sitaeleza zaidi. Anza mapema jua likiwa bado na huruma. Na ukitaka kujua nani anajua kuogelea, usimuulize kama anajua, kwa sababu kila mtu atasema anajua. Ekiru alimuuliza kila mmoja, "Ulijifunzia wapi?" Aliyejibu kwamba alijifunzia mtoni aliwekwa kundi la mwisho, karibu na ukuta.

Mtu wa kwanza kujiandikisha alitoka jengo letu hilohilo. Alikuwa Talaso, karani wa ofisi ya ardhi, ng'ambo ya korido. Alisimama mlangoni akanisalimu.

"Salaam aleikum, madam. Nimesikia kuna mashindano. Wanawake wataogelea wapi?"

Sikuwa nimefikiria jambo hilo hata kidogo. Nikamwambia wataogelea bwawani. Akanitazama tu, akingoja nisikie nilichosema. Wiki hiyo tukatafuta maturubai tukayazungusha bwawa lote, tukapanga kundi la wanawake peke yao, na wafanyakazi wote wa kiume wa hoteli wakatumwa upande wa jikoni. Msichana wa mapokezi, ambaye alikuwa amelelewa karibu na ziwa, ndiye aliyesimama kando kuwaokoa. Talaso aliogelea akiwa na suruali, gauni refu na mtandio uliofungwa imara. Alikwenda polepole sana, akishika ukuta kila alipofika kana kwamba anausalimu. Lakini alifika.

Nilimuuliza siku moja tukinywa chai kwa nini anajisumbua hivi. Hakuwa mtu wa mazoezi. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya kaka yake, nzito, ya kubebea mitungi ya maji.

"Tangu shule, madam, mimi ndiye nilikuwa nashika sweta za wenzangu wakienda kukimbia," akasema. "Unakaa na sweta za darasa mzima. Wakirudi kila mtu anachukua yake. Nataka siku moja mimi nikimbie, mtu anishikie yangu, nikirudi nimkute."

Nilicheka. Yeye hakucheka, akamaliza chai yake.

Mwaka ule wa kwanza baiskeli yake ilipata pancha karibu na Burat. Ratiba ilisema zawadi zitolewe saa sita, Mheshimiwa waziri wa kaunti akafika, hotuba ikasomwa, upepo ukaanza kurusha viti, tukafungasha. Talaso alipomaliza mizunguko yake mitatu, alikuta mbuzi uwanjani na meza iliyokunjwa. Jumatatu nilimpelekea medali yake kwenye bahasha. Akaifungua, akaiangalia, akanirudishia.

"Hii si yangu. Mimi sikumaliza, madam. Nilirudi tu."

"Lakini umekimbia kote. Njia ni ileile."

"Kumaliza ni mpaka kuwe na mtu," akasema, akageukia mteja aliyekuwa na shida ya mpaka wa shamba.

Sikumwelewa. Kwangu mimi njia ilikuwa njia. Baada ya hapo nikaamua kuwauliza washiriki wenyewe kilichowafurahisha, na hapo ndipo nilipopotea kabisa. Wakili mmoja kutoka Nairobi alisema maji ya bwawa yalikuwa ya moto kama ya kupikia ugali, barabara ilikuwa na mawe, na kwamba yale matikiti maji ya mashamba ya Burat tuliyogawa mwishoni yalikuwa jambo bora lililompata tangu Krismasi. Daktari wa meno wa Nanyuki alilalamikia jua kwa muda mrefu, kisha akataka kujiandikisha kwa mwaka unaofuata akiwa bado anapaka mafuta ya kuungua. Mwalimu mmoja wa Meru, aliyekuwa karibu wa mwisho, alisema alipenda kwa sababu asubuhi nzima hakuna aliyemuuliza kitu. Nikampelekea Ekiru majibu hayo yote. Akasema, "Hawa watu usiwaulize. Waangalie." Nikawaangalia pia. Sikuona kitu.

Mwaka wa pili ndipo Mzee Guyo alipoingia katika mambo haya. Guyo alikuwa mlinzi wa hoteli ile, Mborana aliyezaliwa pande za Biliqo, na ujana wake wote alikuwa mtu wa visima. Kwa Waborana kuna mtu anayeitwa aba herega, yaani msimamizi wa zamu za kunywesha mifugo. Yeye ndiye anayesema ng'ombe wa nani waende birikani, wa nani wangoje, na kundi hili lisiingiliane na lile. Guyo alikuwa amefanya kazi hiyo mpaka ukame ukamaliza ng'ombe wake mwenyewe, akahamia Burat na kuajiriwa kulinda lango. Alikuwa mtu mkaidi, mwenye sauti ya chini, na hakupenda kuelekezwa. Baiskeli za wageni zilikuwa za thamani kubwa, na meneja wa hoteli akatupa Guyo azilinde. Nikamweleza kazi yake kirefu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja.

"Zizi."

Akaendesha mahali pale kama zizi. Tulikuwa tumezipanga baiskeli kwa namba. Tuliporudi kutoka kifungua kinywa, tulikuta amezipanga upya: za wanajeshi wa kambi ya jirani pamoja, za Wameru pamoja, za Nairobi pamoja, na ile nzito ya Talaso peke yake karibu na mlango. Nilipomuuliza, akaniambia mifugo ya nyumba moja haichanganywi na ya nyumba nyingine, itapigana. Hapakuwa na wakati wa kubishana. Ajabu ni kwamba kila mtu aliiona baiskeli yake mara moja, kwa kuwa aliwafuata watu aliowajua. Isipokuwa daktari wa meno, ambaye Guyo alikuwa amemhesabu kuwa mwanajeshi kwa sababu ya kunyoa kwake.

Lakini kisa chenyewe kilikuwa kwenye meza ya maji. Kwa kuwa mbio zilikuwa za mizunguko, wenye kasi na wasio na kasi walikutana kwenye meza moja. Baiskeli zote zilipokwisha kuingia, Guyo alifunga zizi lake kwa kamba akaja kusimama pale mezani bila kuitwa. Aliyeongoza alikuwa Koplo Wafula wa kambini, mtu wa miguu mirefu na hasira fupi. Alifika mezani akinyoosha mkono, na Guyo akamzuia kwa fimbo, taratibu, kifuani.

"Ngoja."

"Ngoja nini? Mzee, mimi niko mbele."

"Najua. Wewe uko na nguvu. Ngoja."

Nyuma yake alikuwa Talaso, anamaliza mzunguko wake wa kwanza wakati Wafula anamaliza wa pili, na yule mwalimu wa Meru. Guyo akawapa kikombe kimoja kimoja, akasubiri wanywe mpaka mwisho, ndipo akampa Wafula. Wakati huo mtu wa pili na wa tatu walikuwa wamempita Wafula kwa kutokunywa kabisa. Mmoja wao ndiye aliyeshinda.

Nililetewa malalamiko nikiwa nimeshika kipaza sauti kibovu. Nikamwita Guyo.

"Mzee, mbona umemzuia kiongozi?"

"Mama, ukiacha fahali ikunywe kwanza, ndama itakanyagwa. Maji ni ya wote. Huyu hawezi kufa."

"Haya ni mashindano, mzee."

"Ndiyo. Na wote wamekunywa."

Nilitafuta kwenye kanuni tulizopewa. Kulikuwa na kifungu kuhusu kofia za kuogelea na kingine kuhusu breki, lakini hapakuwa na kifungu kuhusu fahali na ndama. Nilimpa Wafula nafasi ya tatu na pole nyingi. Aliondoka akisema hatarudi tena Isiolo, jambo ambalo lilikuwa gumu kwa vile alikuwa akiishi hapo. Mwalimu wa Meru naye alinishika mkono akaniambia katika maisha yake yote ya mbio hakuna mtu aliyewahi kumpa maji kabla ya aliye mbele. Alikuwa na machozi. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya wawili hao, mmoja amekasirika na mwingine analia kwa furaha, kwa sababu ya kikombe kilekile cha maji, na sikujua niandike nini kwenye ripoti.

Talaso alikuwa wa mwisho tena. Watu wa hema walikuwa wamekwisha kupakia lori. Guyo peke yake alikuwa amesimama pale mezani na jerikeni, hakutaka kuondoka. Jumatatu nilienda ofisi ya ardhi na bahasha nikiwa na wasiwasi.

"Mwaka huu kulikuwa na mtu mmoja," Talaso akasema. Alifikiria kidogo, kisha akanirudishia bahasha. "Tunaendelea."

Mwaka wa tatu ulikuwa wangu wa mwisho kazini, na ulikuwa wake wa mwisho Isiolo, kwa sababu alikuwa amepata barua ya uhamisho kwenda Moyale. Alikuja kunieleza kabla hata hajamwambia mkubwa wake. Nikamwahidi. Sijui ni kitu gani kilinisukuma, mimi ambaye nilikuwa nimejifunza serikalini kutoahidi hata mvua. Nilimwambia, "Mwaka huu utakuta watu." Siku ya mashindano, alfajiri kukiwa na baridi, alivua sweta yake ya kijani akanipa. "Nishikie," akasema. Nikaifunga shingoni.

Nilikuwa nimepanga kila kitu kwa ajili ya ahadi hiyo. Ratiba ilisema zawadi zitatolewa baada ya mtu wa mwisho. Halafu mambo yakaanza kuharibika moja baada ya jingine. Ngamia wa mtu walilala barabarani Burat na hawakutaka kuamka, waendesha baiskeli wakasimama kuwapiga picha. Mnyororo wa baiskeli ya Talaso ukakatika, na akaisukuma njia nzima ya kurudi. Mheshimiwa akasema ana mazishi Meru na hawezi kungoja, zawadi zitolewe sasa. Zikatolewa. Wafula alishinda safari hii, kwa sababu alikuja na chupa yake mwenyewe ya maji, na mkewe akampigia vigelegele. Mheshimiwa akaondoka na magari yake. Mwenye hema akasema ana harusi Kulamawe, akaanza kung'oa vigingi watu wakiwa bado wamekaa chini yake. Wakang'oa na lile tao la kumalizia mbio. Lori likapita juu ya mstari wetu wa chokaa, ukafutika.

Wakati huo Talaso alikuwa ndiyo kwanza ameingia mzunguko wa tatu. Nilisimama na sweta ya sufu shingoni kwenye jua la saa saba, nikiwaangalia washiriki wakikusanya mifuko yao ili waondoke. Huwezi kumlazimisha mtu mzima angoje mtu asiyemjua.

Kisha nikasikia kelele upande wa zizi.

Guyo alikuwa amefunga milango yote miwili kwa kamba, ya kuingilia na ya kutokea, akakaa katikati kwenye kigoda na fimbo yake magotini. Nje ya kamba walisimama watu wa mashindano, wote, jasho limewakaukia. Wakili wa Nairobi ndiye aliyekuwa akizungumza kwa niaba yao, maana ni kazi yake.

"Mzee, hiyo baiskeli ni mali yangu. Unanizuia kwa sheria gani?"

"Zamu haijaisha," Guyo akasema.

"Mimi nimemaliza."

"Wewe umemaliza. Zamu haijaisha."

Wakanigeukia mimi. Nilikuwa na kitambulisho cha kaunti kifuani, na sauti ya ualimu. Nikaenda mbele, nikamwambia Guyo afungue.

"Mama, nani amebaki?" akaniuliza.

"Amebaki mmoja."

"Sasa mbona unaniambia nifungue?"

Nilishika kamba. Nilikuwa nimeishika kwa mkono wa kulia, fundo liko mbele yangu, fundo la kawaida ambalo mtoto angelifungua, na sikulifungua. Usiniulize kama nilikuwa namsaidia Guyo au namwogopa, au nilikuwa nangoja wakili aniamulie. Nyuma yangu watu walikuwa na haki. Wengine walikuwa na safari ndefu, Wafula alitakiwa kambini, daktari wa meno alikuwa na mgonjwa kesho yake. Mbele yangu mzee alikuwa akivunja kila kanuni ya kuwafurahisha wateja. Nikabaki nimeshika kamba hivyohivyo kama mtu anayeshikia mwenzake mlango.

Basi wakakosa la kufanya. Mmoja akakaa chini kwenye kivuli cha ukuta wa bwawa. Mwingine akakaa. Ekiru akaleta matikiti yaliyobaki akayapasua. Wakaanza kulalamika pamoja, na malalamiko yakageuka kuwa mazungumzo. Wakili alimweleza Wafula jinsi maji yalivyomwingia puani, Wafula akamweleza siri ya kupanda kilima cha Burat, na daktari wa meno akamwangalia mtu jino palepale kwenye majani. Mwalimu wa Meru akauliza, "Kwani huyo aliyebaki ni nani?" Nikawaambia ni Talaso wa ofisi ya ardhi. Nikawaambia mnyororo umekatika. Na kwa kuwa walikuwa wananiangalia, nikawaambia na habari ya sweta za shuleni. Mke wa Wafula akainuka akaenda mpaka barabarani kuchungulia.

"Anakuja," akasema aliporudi. "Anatembea, lakini anakuja."

Ekiru akachukua chokaa iliyobaki mfukoni akachora mstari mwingine. Ulikuwa umepinda. Hapakuwa na tao, hapakuwa na hema wala muziki. Watu wakasimama wenyewe pande zote mbili. Sitakudanganya, Makena, wa kwanza kupiga makofi alikuwa yule wakili, na macho yake yalikuwa kwenye baiskeli yake. Lakini baadaye macho yake hayakuwa kwenye baiskeli. Nilimwona.

Ukiyapima mashindano yale kwa kitabu chochote, yalikuwa mabaya. Mgeni rasmi alikimbia, uwanja ulivunjwa watu wakiwa ndani, na washiriki walifungiwa mali yao mpaka mchana ukapita. Umeniambia mwenyewe kwamba wote wamejiandikisha tena, na kwamba wanauliza kama mzee wa zizi atakuwepo. Mimi sielewi. Labda wewe utaelewa. Lakini hema ukilikodi, likodi la siku nzima.

Talaso alikata kona ya mwisho akaona watu. Alisimama. Nadhani alifikiri kuna ajali. Kisha akaanza kukimbia, mtandio umelegea, kiatu kimoja kimefumuka, akapita kwenye ule mstari uliopinda, na mimi nilikuwa pale na sweta yake shingoni imelowa jasho langu. Nikamvalisha medali. Hakunirudishia. Alitazama watu wale wote, wanajeshi na watu wa Nairobi na mwalimu anayelia tena, pumzi zikimtoka kwa shida.

"Madam, hawa wote walikuwa wananingoja mimi?"

Nilifungua mdomo. Kamba, baiskeli, wakili, vyote vilikuja mpaka kwenye ulimi, na sikujua tena ni kipi kilikuwa kweli. Guyo alikuwa amekwisha kutoka zizini na jerikeni mkononi.

"Eeh," akasema, akamjazia kikombe. "Kunywa maji."

Talaso akanywa yote. Guyo akakitazama kikombe kuona kama kimekwisha, akafunga mfuniko wa jerikeni, akaenda kufungua kamba.